Bango Husema Nini kwa Mtazamaji? Maoni ya Hadhira na Matangazo ya Filamu za Wanafunzi, kwa Mfano wa Sironga

Filamu ya wanafunzi huchukua miezi kutengenezwa na alasiri moja kuonyeshwa. Hadithi yake hutungwa, ikafutwa, ikatungwa upya; mwalimu huisahihisha; waigizaji huirudia mpaka wakaichoka. Bango lake, kinyume cha hayo, aghalabu huandikwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia siku ya kuchapwa, na mtu huyo hamwonyeshi mwenziwe. Hivyo sehemu ya kazi itakayosomwa na watu wengi kuliko zote ndiyo iliyopimwa kidogo kuliko zote. Makala haya yanakusudia kueleza namna maoni ya watazamaji yanavyoweza kutumiwa kuyasahihisha matangazo hayo kabla hayajatoka, na hasa namna ya kuyauliza maoni yenyewe. Kwani twaona kwamba udhaifu mkubwa umo katika swali kuliko katika jibu.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maneno machache. Bango ni karatasi ya tangazo inayobandikwa mahali pa wazi. Kionjo ni kile kipande kifupi cha picha na sauti kinachotangulizwa ili watu waonje filamu. Muhtasari ni zile sentensi mbili tatu zinazoandikwa chini ya jina la filamu au kusomwa redioni. Neno mrejesho, ambalo siku hizi limeenea kwa maana ya maoni yanayomrudia aliyetuma ujumbe, tutalitumia kwa uchache. Ubora wake ni kwamba latukumbusha kuwa kuna kitu kilichokwenda kabla ya kingine kurudi, na kwamba kinachorudi si lazima kifanane na kilichokwenda. Tofauti hiyo kati ya kilichotumwa na kilichofika ndiyo tunayoitafuta.

Mwanafunzi anapouliza, "Mwalionaje bango letu?", huwa hakuuliza kitu, ameomba sifa. Adabu ya Kiswahili haimruhusu mgeni kumwambia kijana aliyesimama mbele yake kwamba kazi yake haieleweki. Basi jibu huwa ni "nzuri", na "nzuri" hiyo yahitaji kusomwa kwa makini. Panapo "nzuri sana" yenye maelezo, kuna jambo. Penye "si mbaya" pana upungufu. "Ni sawa tu" maana yake msemaji ana haraka. Na penye "mmejaribu", neno ambalo katika Kenya husemwa kwa tabasamu na kupigwa bega, bango hilo halina budi kuanzwa upya.

Dawa yake ni kuacha kabisa kuuliza habari za kupenda, na badala yake kuuliza habari za kuelewa. Mtazamaji aonyeshwe bango kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, lifichwe, kisha aombwe asimulie: Je, hadithi hii itahusu nini? Ni nani katika jirani zako atakayependa kuiona, na ni nani asiyeweza kuja? Wewe ukija, utafika siku gani na saa ngapi, na mfukoni utakuwa umebeba nini? Maswali haya hayamtaki mtu asifu wala alaumu. Yanamtaka aseme alichokiona tu, na hapo adabu haimzuii.

Wazo la kuwauliza watazamaji si geni katika Afrika ya Mashariki. Kati ya 1935 na 1937 lilifanyika jaribio la filamu za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni na kwa msaada wa fedha wa shirika la Carnegie la Marekani. Filamu 35 zilitengenezwa, maelezo yake yakatiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, na lori likazitembeza kutoka nchi hata nchi. Taarifa yao ilitoka kuwa kitabu mwaka 1937, *The African and the Cinema*, na hapana shaka kwamba walitaka kwa dhati kujua watazamaji walivyoipokea kazi yao. Hata hivyo, walioshika kalamu kuandika maoni walikuwa hasa maofisa, wamisheni na walimu. Mtazamaji aliyeketi chini penye nyasi alisemewa na mtu aliyesimama nyuma yake. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa mwaka 1939, kilirithi desturi hiyo: William Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Afrika ahitaji picha zendazo polepole na hadithi isiyo na mikato, na imani hiyo ikaongoza utengenezaji wa filamu kwa miaka mingi. Aliyekuwa akitazamwa hapo ni mtazamaji. Aliyekuwa akiulizwa ni msimamizi wake.

Kwingineko mambo yalikwenda kwa njia ya hesabu. Nchini Marekani George Gallup, aliyejulikana kwa kura za maoni ya siasa, alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1940 taasisi ya kuchunguza hadhira za sinema, nayo ikawa ikiyapima majina ya filamu kabla hazijatoka: jina hili lavuta wangapi, lile wangapi. Njia hiyo yafaa kwa kampuni yenye uwezo wa kuuliza maelfu. Kwa wanafunzi ishirini wenye karatasi kumi haina msaada mkubwa, ila kwa jambo moja: Gallup aliona kwamba jina la filamu laweza kupimwa peke yake, mbali na filamu.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, ingawa haukuwa wa filamu, ni wa Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipokuwa wakiitayarisha tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*, mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, na wanakijiji wakawa wakiingilia kati: mzee hasemi hivi, msichana hamjibu baba yake vile. Lugha ya tamthilia ilisahihishwa na wenye lugha. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 2, 1977, na kibali chake kikaondolewa Novemba 16 ya mwaka uo huo. Kwa habari yetu, la muhimu ni kwamba watu wale hawakuombwa kupiga kura. Walisikia sentensi, wakaonyesha mahali ilipokosea, na sababu yake.

Sasa twende Sironga. Mahali hapa pako katika kaunti ya Nyamira, si mbali na mji wa Nyamira wenyewe, na wengi walioko nje ya Gusii hupajua kwa ajili ya shule yake ya sekondari ya wasichana. Ni nchi ya vilima, ya majani ya chai na migomba, yenye watu wengi na mashamba madogo. Lugha ya nyumbani ni Ekegusii. Kiswahili ni cha sokoni, cha ibadani na cha shuleni. Kiingereza ni cha shuleni na ofisini. Tangu filamu ilipoingizwa miongoni mwa fani zinazoshindaniwa katika tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo vya Kenya, wanafunzi wa sehemu kama hizi wamekuwa wakitengeneza filamu fupi. Katika mashindano bango halina kazi, kwani mwamuzi hulazimika kutazama hata kama hakuvutiwa. Lakini filamu inaporudishwa nyumbani ili wazazi na majirani waione, hakuna anayelazimika. Hapo ndipo tangazo linapoanza kuwa na maana, na hapo ndipo kuna la kupotezwa: chumba kitupu, au kibaya zaidi, chumba kilichojaa watu waliokuja kwa ajili ya kitu kingine.

Tuchukue mfano ambao tumeubuni kwa ajili ya maelezo haya, ila mambo ya lugha na mila yaliyomo ndani yake si ya kubuni. Wanafunzi wametengeneza filamu ya dakika kumi na tano. Bibi mzee analima migomba katika kishamba chake; wanawe wameamua kuing'oa yote wapande chai; mjukuu wake wa kike anaificha mkungu wa mwisho usikatwe. Mwishoni bibi anafariki. Filamu wameiita *Mkungu wa Mwisho*. Bango lina picha ya msichana akicheka na mvulana, iliyotolewa katika tukio la mwanzo kwa kuwa ndiyo picha iliyotoka safi. Chini yake pameandikwa: "Filamu ya kusisimua isiyo na kifani! Filamu bure kabisa! Jumamosi saa 2:00. Usikose!"

Wakilionyesha bango hili kwa hesabu ya tano na kulificha, watapata nini? Kwa maneno "ya kusisimua isiyo na kifani" hawatapata kitu, maana maneno haya yameandikwa juu ya filamu nyingi hata jicho huyaruka kama liyarukavyo mashimo ya njia inayoijua. Lakini mengine manne yatawarudia.

La kwanza ni jina. Katika Kiswahili mkungu ni kichala kizima cha ndizi kama kilivyokatwa mgombani. Katika Ekegusii omokungu ni mwanamke, au mke. Wingi wake ni abakungu. Hatudai kwamba msomi wa Kigusii atakosa kuelewa neno ambalo amelisoma tangu shule ya msingi. Ila bango la mashambani halisomwi tu. Husomwa na mmoja kwa sauti, likasikiwa na watatu, nao wakalisimulia nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Katika safari hiyo mkungu unakuwa mtu. Nayo sarufi ya Kiswahili haitoi msaada, kwa sababu ngeli ya M-MI na ngeli ya M-WA hulingana katika umoja mbele ya kihusishi cha -a: twasema mkungu *wa* mwisho kama tusemavyo mke *wa* mwisho. Lau jina lingekuwa katika wingi, *Mikungu ya Mwisho*, upatanisho ungeizuia maana ya pili isipite. Kwa jinsi lilivyo, na chini yake msichana na mvulana wanaocheka, msikilizaji ana haki ya kutazamia kichekesho juu ya mzee aoaye mke wa mwisho. Atakuja na marafiki zake tayari kwa kucheka, naye ataketishwa mbele ya matanga.

Wanafunzi wafanye nini? Jibu la haraka ni kulibadili jina. Twaonelea lisibadilishwe. Watazamaji kwa kulisikia vibaya wamewaonyesha watunzi jambo ambalo watunzi wenyewe hawakuliona, yaani kwamba bibi yule ndiye hasa omokungu wa mwisho katika boma lile aliyeishi kwa migomba. Maana mbili zinapokutana namna hii ni bahati, na mshairi angelipa kuipata. Kinachopaswa kuondoka ni picha, kwani ndiyo iliyoipeleka maana ya pili kwenye kichekesho. Pawekwe mkono wa bibi juu ya mkungu. Basi maana zote mbili zitasimama na kicheko kitaondoka. Huu ni mfano mzuri wa kutumia maoni bila ya kuyatii: msikilizaji alisema alichosikia, hakusema la kufanya, wala hakuulizwa.

La pili ni neno *bure*. Lina maana ya kitu kisicholipiwa, na lina maana ya kitu kisichofaa. Nchini Kenya usemi "bure kabisa" umekwisha kushikwa na maana hiyo ya pili, hata mtu akiambiwa ni bure kabisa hatauliza bei. "Filamu bure kabisa" ni tangazo linalojitukana lenyewe. "Hakuna kiingilio" haina hatari hiyo, wala "Kiingilio ni bure", kwa sababu hapo neno limefungwa kwenye kiingilio nalo haliwezi kuirukia filamu.

La tatu ni saa. "Saa 2:00" kwa mwenye kuhesabu Kiswahili ni asubuhi kabla ya kazi kuanza, au usiku baada ya chakula. Kwa aliyeizoea saa ya simu yake ni alasiri. Waandikaji walikuwa wakikusudia saa nane mchana. Makosa ya namna hii hayaonekani na aliyeandika, maana yeye aijua saa anayoikusudia; hujitokeza pale tu mtu wa nje anapoulizwa, "Utafika lini?" Yafaa kuandika kwa maneno, "saa nane mchana", na wala si kwa tarakimu peke yake.

La nne ni siku. Misheni ya Waadventista Wasabato iliingia Gusii mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wafuasi wake ni wengi sana katika Kisii na Nyamira. Jumamosi kwao ni Sabato. Tangazo la Jumamosi alasiri limewaambia watu hao kwamba hawakukumbukwa. Hapa bango halikukosea lugha, limekosea ratiba, lakini ni kwa swali lile lile, "ni nani asiyeweza kuja?", ndipo litakapojulikana. Swali hilo lina manufaa ya pekee, kwa kuwa mtu hujibu kwa urahisi zaidi habari za jirani yake kuliko zake mwenyewe.

Tumefika sasa penye jambo ambalo vitabu vya ufundi wa filamu haviligusi: ni nani akae na nani wakati wa kuuliza. Katika mila za Abagusii kuna kanuni zinazoitwa *chinsoni*. Neno hili lina undugu na neno la Kiswahili soni, yaani haya, lakini uzito wake ni mkubwa zaidi. Robert na Barbara LeVine, waliochapisha uchunguzi wao wa jamii moja ya Gusii mwaka 1966, walieleza jinsi kanuni hizi zinavyotawala mwenendo baina ya vizazi viwili vinavyofuatana: mzazi na mtoto wake hujizuia mbele ya wenzao katika maneno na mambo mengi, hasa yanayogusa mwili na mapenzi. Baina ya babu au bibi na wajukuu, kinyume chake, kuna uhuru na utani. Mila hubadilika, na vijana wa leo si wa 1966. Hata hivyo mwenye kuandaa kikao cha maoni atafanya vibaya asipoijua kanuni hii.

Kwa mfano, akiwakusanya akina mama na wana wao wa kiume katika chumba kimoja na kuwaonyesha picha ya msichana na mvulana wanaocheka, atapata ukimya, naye ataandika katika daftari yake kwamba bango "halikuleta upinzani". Ukimya huo haukuwa ridhaa. Afadhali awe na vikao vitatu vidogo: kimoja cha akina mama peke yao, penye kituo cha kununulia chai, wanaposubiri majani yao yapimwe, kimoja cha vijana penye stendi ya bodaboda, na kimoja cha bibi pamoja na wajukuu. Hicho cha tatu ndicho tukitazamiacho zaidi, maana hapo bibi atasema bila ya kificho kwamba msichana wa kwenye picha hana sura ya mtu aliyefiwa, na mjukuu atamcheka, na katika kuchekana huko mambo yatatoka. Watu watano au sita katika kila kikao watosha. Kosa kubwa likiwapo, watu watano watalionyesha. Lisipoonekana na hao, haielekei kwamba ni kubwa.

Tukiwa hapo, kuna kichekesho kidogo katika alama za umri. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya huzipa filamu alama za GE, PG, 16 na 18. PG ina maana kwamba watoto wadogo waongozwe na mzazi katika kutazama. Lakini mzazi na mtoto walioketi pamoja ndio hasa wawili ambao chinsoni huwatenga penye mambo mazito. Na bibi, ambaye angefaa kumwongoza mjukuu, alama haimtaji. Alama ibandikwe kama sheria itakavyo. Ila kwa mzazi asiyesoma Kiingereza herufi hizi mbili hazisemi neno, na mstari mmoja wa Kiswahili wa kuzieleza hauchukui nafasi kubwa.

Muulizaji naye awe nani? Asiwe mwelekezi wa filamu wala aliyechora bango, kwani atajitetea, na mtu anayetetewa bango hunyamaza. Asiwe mwalimu. Mwanafunzi ambaye hakushiriki katika filamu ndiye afaaye, naye afunzwe jambo moja tu: kuandika maneno ya msemaji kama yalivyotoka, kwa lugha iliyotumika. Akiandika "mama hakuelewa jina", ameandika hukumu yake mwenyewe. Akiandika kwamba mama aliuliza, "Huyo wa mwisho ni wa mzee gani?", ameleta ushahidi, na kutokana na swali hilo moja watunzi wataweza kugundua habari yote ya mkungu na omokungu bila ya kuambiwa na mtaalamu wa isimu.

Swali la lugha ya bango lenyewe lastahili kutajwa kwa urefu kidogo. Wanafunzi hupenda Kiingereza kwa sababu hukiona kina heshima, na walimu wengine hukubali. Twaona kwamba kwa onyesho la Sironga Kiswahili ndicho kibebe jina na habari za mahali na wakati, na Ekegusii kipewe ile sentensi moja ya kualika. Hatusemi hivi kwa ajili ya uzalendo. Mwaliko katika Gusii, kama kwingineko, hutolewa kwa lugha ya mwalikwa, na sentensi moja ya Ekegusii iliyoandikwa bila kosa humwambia bibi kwamba na yeye ameitwa. Iliyoandikwa kwa makosa humwambia kwamba wajukuu wamesahau, kwa hiyo isomwe kwanza na mzee anayeijua lugha. Wapo watakaosema kwamba filamu ikienda mbali jina la Kiswahili litaifunga. Mfano wa *Watu Wote* waonyesha vingine. Hiyo ni filamu ya kuhitimu ya mwanafunzi Katja Benrath wa Hamburg Media School, juu ya abiria Waislamu waliowakinga wenzao Wakristo basi liliposhambuliwa karibu na Mandera mwezi Desemba 2015. Ilipata tuzo ya wanafunzi ya Academy ya Marekani mwaka 2017 na kuteuliwa kushindania Oscar mwaka 2018, ikiwa na jina lake la Kiswahili, na tafsiri ya Kiingereza ikifuata nyuma. Maneno mawili mepesi, yanayotamkika na mtu wa lugha yoyote, yenye maana nzito kwa anayeijua hadithi: ni vigumu kupata jina bora kuliko hilo.

Maoni yakishakusanywa, yapimwe vipi? Wanafunzi wengi huingia hapa katika matatizo mawili yanayopingana. Kundi moja hubadili kila kitu alichokitaja mtu yeyote, mpaka bango likawa halina mwenyewe. Kundi jingine hujibu kila neno kwa "hawakuelewa sanaa yetu". Sisi twatenganisha hivi. Neno la mtu mmoja juu ya ladha, mathalan rangi, laweza kuachwa. Neno la mtu mmoja juu ya ukweli, kama saa au siku, halina budi kufuatwa hata kama ni yeye peke yake, kwani saa ikiwa na maana mbili ina maana mbili kwa wote. Na habari ya hadithi inayosimuliwa kombo na watatu kati ya watano yafaa kuchukuliwa kuwa ndiyo hadithi ambayo bango linaisimulia, watunzi wapende wasipende. Kisha libadilishwe jambo moja kwa wakati, likarudishwe kwa watu wengine ambao hawajaliona. Mtu aliyekwisha kuliona bango la kwanza hawezi tena kutumika kama mgeni. Wala hapana haja ya kuchapa kwa rangi kila mara. Karatasi iliyochorwa kwa mkono yatosha mpaka raundi ya mwisho.

Kuna kishawishi kimoja ambacho maoni yenyewe hukileta. Vijana wa stendi ya bodaboda watasema kwamba wangekuja zaidi kama kungekuwa na mapigano. Nchini Ghana, katika miaka ya 1980 na 1990, wachoraji wa mabango ya video zilizotembezwa kwa jenereta walichora juu ya magunia ya unga majoka, vichwa vilivyokatwa na damu ambavyo mara nyingi havikuwamo katika filamu, na wengine hawakuwa wameziona filamu hizo. Leo mabango hayo huthaminiwa na wakusanyaji wa sanaa, na ni haki, kwani ni sanaa. Mwenye jumba la video la kutembea aliweza kuahidi joka, kwa kuwa kesho yake alikuwa mji mwingine. Mwanafunzi wa Sironga kesho yake atakuwa Sironga.

Kwa kionjo hatuna mengi ya kuongeza, maana kanuni ya kuuliza ni ile ile. Ila kionjo husikiwa zaidi ya kutazamwa: hupita katika simu yenye kioo kidogo kilichopasuka, juani, katikati ya kelele za pikipiki. Kwa hiyo kipimwe kwanza kwa sauti peke yake, simu ikiwa imefunikwa. Mlio wa obokano, ile ala ya Abagusii yenye nyuzi nane, utamwambia msikilizaji wa Nyamira mahali na hali ya hadithi kabla hajaona picha. Lakini ukitumiwa kwa filamu isiyo na uhusiano na mambo ya wazee utampotosha vile vile. Muhtasari unaokusudiwa kusomwa katika kituo cha redio ya Ekegusii, kama Egesa FM, usomwe kwanza mbele ya watu wawili walio jikoni wakifanya kazi nyingine. Watakachokikumbuka baada ya robo saa ndicho kilichotangazwa. Wanaozitafsiri filamu kwa mdomo katika vibanda vya video, ambao DJ Afro ndiye ajulikanaye zaidi nchini Kenya, huijua siri hii vyema: humpa shujaa jina jepesi, hueleza upesi anachokitaka na anayemzuia, kisha huiacha picha iendelee.

Kazi ya mwisho hufanywa mlangoni, siku yenyewe. Kila aingiaye aulizwe alisikia wapi habari za filamu, na alitazamia kuona nini. Majibu yaandikwe katika safu mbili. Atokapo aulizwe swali moja tu, kama alichokiona kilikuwa ndicho alichokitazamia. Anayejibu "la" asiachwe apite hivi hivi, hata kama anasema kwamba amefurahi. Aulizwe ni neno gani au picha ipi katika bango iliyomfanya afikiri vingine, na bango lenyewe liwe limebandikwa hapo karibu na mlango, ili aweze kulionyesha kwa kidole.